Binti anayetaka udaktari na somo lililoitwa porojo



Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Wiki iliyopita tuliahidi kuendelea na mazungumzo juu ya mali ya yatima na wasimamizi wake. Tunaomba radhi kwa kuyaweka kando, na inshaallah tutayarudia, kwani imetufikia barua ambayo hatukuona vyema kuichelewesha.

Imetoka kwa mama mmoja, msomaji wa safu hii tangu alipokuwa Tanga, ambaye sasa anaishi na mumewe na watoto wao katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Binti yao wa pili yuko mwaka wa tatu wa chuo kikuu na anataka kuwa daktari. Mwezi Juni atafanya mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya tiba. Katika majaribio anayoyafanya nyumbani, sehemu tatu za mtihani anazimudu: amepata 128, 127 na tena 128. Sehemu ya nne, ya saikolojia na sosholojia, amepata 122, na kila akirudia anabaki papo hapo. Mama anataka kumtafutia mwalimu wa twisheni. Baba watoto anasema kwamba hayo si masomo, ni porojo. Mwenye akili ya kufaulu kemia hawezi kushindwa na hadithi, na fedha za nyumba hazitaliwa na porojo. Mama anatuuliza nani kati yao ana haki. Chini ya jina lake ameongeza mistari minne kuhusu jambo jingine, ambalo tutalifikia.

Kwa wasomaji wetu walio nyumbani, yafaa tueleze kwanza. Hapa kwetu Tanzania kijana hufunguliwa mlango wa udaktari kwa matokeo yake ya kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Biolojia, kisha huingia chuo cha tiba moja kwa moja. Kule njia ni ndefu zaidi. Kijana husoma kwanza shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka minne, ndipo aombe chuo cha tiba, ambacho nacho ni miaka minne mingine. Katikati ya hatua hizo mbili umesimama mtihani uitwao MCAT, unaosimamiwa na Chama cha Vyuo vya Tiba vya Marekani, AAMC. Asili ya mtihani huo ni mwaka 1928, na tangu hapo umebadilishwa mara kadhaa. Leo una sehemu nne: kemia na fizikia, kisha kusoma na kuchambua hoja, kisha biolojia na biokemia, na mwisho misingi ya kisaikolojia, ya kijamii na ya kibiolojia ya tabia za binadamu. Kila sehemu hutolewa alama kuanzia 118 hadi 132, na jumla huwa kati ya 472 na 528.

Tunamwomba baba wa binti huyu aitazame hesabu hiyo kwa utulivu. Sehemu anayoiita porojo ni robo kamili ya jumla ya alama, sawasawa na kemia. Ina maswali 59 katika dakika 95, na hakuna alama ya kemia inayosamehe alama iliyopotea huku. Tena chuo kinachopokea maombi hakioni jumla tu. Kinaiona kila sehemu peke yake.

Sehemu hii iliingizwa mwaka 2015, mtihani ulipopanuliwa, na sababu yake yeyote aliyewahi kukaa katika foleni ya hospitali anaweza kuikisia. Daktari anaweza kulijua kongosho kwa kila kiungo chake, akamwandikia mgonjwa wa kisukari insulini ya kuhifadhiwa mahali pa baridi, wala asiulize kama nyumbani kwa mgonjwa kuna umeme. Anaweza kumkaripia mama kwa kumchelewesha mtoto kliniki, asijue kwamba nauli ilisubiri mshahara wa mtu mwingine. Waliourekebisha mtihani walitaka daktari wa kesho aingie chuoni akiwa na fununu kwamba ugonjwa hukaa ndani ya mtu, na mtu hukaa ndani ya nyumba, mtaa na kipato. Hatuoni porojo hapo.

Hata hivyo, baba hakusema uongo mtupu. Somo hili lina sura ya wepesi, na sura hiyo ndiyo iliyowaponza wengi. Wanafunzi huliacha hadi wiki za mwisho, kisha hujaza vikadi: upande mmoja neno, upande wa pili maana yake. Wapo pia wanaorithishana maandishi ya waliowatangulia, mamia ya kurasa, wakayapitia usiku na mchana kama kwamba mtihani utawaambia: taja. Sasa tazameni AAMC wenyewe wanavyougawa uzito wa maswali. Asilimia 35 hivi hupima kujua dhana na kuzitambua. Asilimia 45 hupima kuitumia dhana katika tatizo jipya. Asilimia 10 ni juu ya namna utafiti unavyopangwa, na 10 iliyobaki ni kusoma majedwali na michoro. Mwenye vikadi vyote mkononi ameshika kama theluthi moja ya kazi, na huenda ndiyo theluthi nyepesi.

Tutoe mfano wa nyumbani. Mtoto huosha vyombo kila jioni na hapendi. Mama anamwambia: ukihifadhi ukurasa wako bila kosa, leo huoshi. Mtoto anahifadhi, na siku za baadaye anazidi kuhifadhi kwa bidii. Je, hapo pana adhabu au uimarishaji? Na kama ni uimarishaji, ni chanya au hasi? Binti aliyekariri atakimbilia kusema ni chanya, maana mtoto amefurahi na mama ni mwema. Jibu ni uimarishaji hasi. Ni uimarishaji kwa sababu tabia ya kuhifadhi imeongezeka. Ni hasi kwa sababu kuna kitu kilichoondolewa, yaani vyombo. Hasi hapa ni ya hesabu, ya kutoa, wala haina maana ya ubaya. Maneno hayo yametokana na kazi ya Mmarekani B. F. Skinner, na kila mwaka yanaangusha watu wenye akili kwa sababu wanayasoma kwa masikio ya mtaani.

Mfano mwingine. Mgonjwa hakufika kliniki siku yake, na muuguzi anasema: huyu mzembe. Wiki iliyopita muuguzi huyohuyo alichelewa kazini, na akasema: mvua na daladala. Wanasaikolojia wana jina la kosa la kumhukumu mwenzako kwa hulka yake na kuisahau hali iliyomzunguka. Wana jina jingine la ile tofauti kati ya mizani tunayojipimia sisi na ile tunayowapimia wengine. Kwenye mtihani majina yote mawili yatakuwepo, jirani kabisa, na kisa hiki kinataka la pili, kwa kuwa muuguzi amejipima na mwenzake. Hiyo ndiyo tofauti ya 122 na alama iliyo bora zaidi, na kikadi hakiioneshi.

Basi, je, atafutiwe mwalimu? Jibu letu ni ndiyo, lakini si mwalimu yeyote.

Waliosoma chuoni watakumbuka jinsi mwalimu wetu wa Qur'ani alivyofundisha. Hakukusomea wewe ukasikiliza kutwa. Ulikwenda ukakaa mbele yake, ukasoma wewe, naye akasikiliza huku macho ameyafumba kama aliyelala. Ulipokosea aligonga kijiti mara moja, hakukutajia neno. Ukarudi nyuma, ukatafuta, ukalipata au hukulipata, na ni hapo tu alipokufungulia. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, ambaye jina lake limo katika mtihani wenyewe, alieleza kwamba kuna eneo kati ya yale mtoto anayoweza peke yake na yale anayoweza akisaidiwa na anayejua zaidi, na kwamba humo ndimo mafunzo hufanyika. Walimu wetu wa chuoni hawakumsoma Vygotsky, lakini kijiti kilikuwa kikigongwa ndani ya eneo hilohilo.

Kwa hiyo mama, kabla hujalipa hata dola moja, omba saa moja ya majaribio na usikilize ukiwa upande wa pili wa chumba. Hesabu ni nani anayezungumza zaidi. Ikiwa mwalimu amehutubia dakika 50 na binti ameitikia “sawa” mara kumi, mshukuruni na mtafute mwingine. Tunayemtaka ni yule anayempa kifungu cha utafiti, akamwacha asome, kisha akamwuliza: hili ni jibu sahihi, sawa, lakini haya mengine matatu yamekosea wapi? Kila jibu alilokosa liandikwe daftarini pamoja na sababu yake, kwa maana kukosa kwa kutojua neno ni tofauti na kukosa kwa kusoma mchoro kinyume, na dawa zake hazifanani. Baada ya wiki tatu daftari hilo litamwambia mwalimu afundishe nini. Alama kubwa ya mwalimu mwenyewe isiwatie kiwewe. Wapo waliopata 132 wasioweza kumweleza mtu walivyoipata. Na anayeahidi alama kwa kiapo, mkimbieni.

Kuhusu fedha, tunajua baadhi ya makampuni ya twisheni kule hutoza maelfu ya dola kwa kozi nzima. Si lazima. Kuna masomo ya video ya bure ya Khan Academy, yaliyotayarishwa kwa ushirikiano na AAMC, na sehemu ya saikolojia na sosholojia ni miongoni mwa zinazotegemewa zaidi na wanafunzi. Hayo yatamtosha kwa kujua. Mwalimu alipwe kwa kusikiliza tu, saa moja au mbili kwa wiki, na wasichana watatu wakijikusanya wakachangia gharama itakuwa nafuu na mjadala utakuwa mzuri zaidi. AAMC pia wana mpango wa kupunguza gharama kwa familia za kipato cha chini, unaoshusha ada ya mtihani na kutoa vitabu vya mazoezi. Mwombaji aombe mapema, kabla ya kujiandikisha, kwa kuwa anayekwisha kulipa harudishiwi kilichozidi. (Ya mikopo yenye riba ya kulipia chuo cha tiba chenyewe hatutayagusa leo. Hayo yana wenyewe, na masheikh waulizwe.)

Kule kujikusanya wasichana watatu kunajibu pia swali la mama juu ya binti kubaki peke yake na mwalimu mwanamume katika somo la kompyuta. Wakipata mwalimu mwanamke, alhamdulillah. Wasipompata, somo lifanyike sebuleni, kompyuta ikiwa wazi kwa anayepita, wala si chumbani mlango ukiwa umefungwa. Mwalimu mwenye heshima yake hataona vibaya.

Nyumba nayo ina sehemu yake, na haina gharama. Bibi yake yupo Tanga, na huzungumza naye kwa simu kila Jumapili. Kila wiki binti achague dhana moja, amweleze bibi kwa Kiswahili, bila neno hata moja la Kiingereza. Ataona ugumu mwanzoni, kwani alichokariri hukaa katika lugha aliyokikaririmo, lakini akifika mahali bibi akacheka na kusema, “Kumbe ndiyo yale ya shangazi yako,” basi ameielewa. Sisi tumewahi kulijaribu hili kwa mpwa wetu mmoja aliyekuwa akijifunza tofauti kati ya kujigeuza tabia kwa ajili ya kufuata kundi na kutii amri ya mwenye mamlaka. Mfano wa ngoma za harusi aliopewa na bibi yake ulikuwa bora kuliko wa kitabu.

Sasa tuje kwa baba, maana mama anasema nyuma ya neno “porojo” kuna hofu nyingine. Siku moja aliichukua orodha ya mada za binti akakuta dini imewekwa pamoja na serikali, uchumi na shule kama taasisi mojawapo ya jamii, na chini yake pameandikwa juu ya madhehebu, juu ya jamii kupungukiwa na dini, juu ya misimamo mikali. Akakuta na nadharia za Freud. Akauliza: huyu anafundishwa udaktari au anafundishwa kuacha dini?

Hofu hiyo ni ya mzazi mwema na hatuidharau. Lakini tumkumbushe baba kisa anachokijua. Imam al-Ghazali, kabla ya kuandika kitabu chake mashuhuri cha kuwajibu wanafalsafa, aliandika kingine cha kueleza makusudio yao, akayaweka wazi maneno yao bila kuyakata. Hakuogopa kuyajua, wala kuyajua kwake hakukuwa kuyakiri. Binti atakapoulizwa Freud alisema nini, ataandika Freud alisema nini. Swali halimwulizi anaamini nini. Kama anayoyasoma yanamtia wasiwasi, basi huo ndio wakati wa baba kukaa naye baada ya Isha akayazungumza, kwani akiyakimbia baba, atayazungumza na mwingine. Aidha, elimu ya jamii si mgeni kwetu. Ibn Khaldun wa Tunis, aliyeikamilisha Mukadima yake mwaka 1377, alichunguza mshikamano wa watu unavyojenga dola na unavyolegea vizazi vikionja raha, karne kadhaa kabla ya Durkheim na Weber ambao binti anawakariri. Mtihani hautamwuliza Ibn Khaldun, tunasikitika kusema. Baba anaweza.

Kidogo juu ya siku yenyewe. Sehemu ya nne huja mwisho. Binti atakapoifikia atakuwa amekwisha kukaa na maswali kwa dakika 280, ukiondoa mapumziko. Mazoezi ya saikolojia yafanyike basi mara kwa mara akiwa amechoka, baada ya karatasi ya biolojia, si asubuhi kichwa kikiwa kibichi. Mama aliuliza pia juu ya swala. Mtihani huanza saa mbili asubuhi na huwa umekwisha kabla ya saa kumi alasiri; Columbus mwezi Juni Adhuhuri huingia karibu na saa saba na nusu mchana, na Alasiri huingia baada ya saa kumi na moja. Mapumziko ya chakula yatakuwa yamepita kabla Adhuhuri haijaingia, lakini akitoka atakuwa na zaidi ya saa nzima ya kuiswali kwa wakati wake. Asihangaike kuibana katika mapumziko ya dakika kumi.

Tumebakiwa na ile mistari minne.

Mama anaandika kwamba katika daftari la mazoezi la binti kuna sura moja ambayo imeachwa tupu. Ni sura ya maradhi ya akili: sonona, wasiwasi, skizofrenia. Akiifikia hulia, hufunga kitabu, huenda kufua. Kaka yake, kifungua mimba wa nyumba ile, aliugua miaka miwili iliyopita. Alianza kusikia sauti, akaacha kazi, akajifungia. Alipelekwa hospitali akatibiwa, na yuko nyumbani, katika chumba cha chini, anameza dawa zake. Wanajumuiya wa msikitini wameambiwa amesafiri kwenda Texas kikazi. Ndugu wa Tanga wameambiwa vivyo hivyo. Wadogo zake wamefundishwa kujibu hivyo.

Tuliisoma mistari hiyo mara kadhaa kabla ya kumjibu, na tumepata idhini yake kuichapisha, ilimradi tusitaje majina.

Mwaka 1963 msomi wa elimujamii Erving Goffman alichapisha kitabu juu ya unyanyapaa. Wasomaji wetu wanalijua neno hili tangu enzi za mapambano ya UKIMWI. Goffman alieleza kwamba mtu mwenye doa machoni pa watu hutumia nguvu nyingi kulificha, akichunga kila neno asije akajisaliti, na kwamba doa hilo haliishii kwake. Huwaenea walio karibu naye, nao wakaanza kuchunga maneno. Jambo hili limo katika mtihani wa Juni. Binti huyu halihitaji katika kikadi. Anaishi ndani yake, na kila ukurasa wa sura ile unamwuliza swali ambalo nyumbani kwao limekatazwa.

Hakuna mwalimu wa twisheni atakayeijaza sura hiyo. Tulimwandikia mama hivyo, na tulimwandikia pia kwamba katika hili alama si jambo la kwanza. Kijana wa watu amefungiwa Texas ya uongo. Dawa anapata, lakini hazurwi na mtu. Sisi Waislamu tumefundishwa kumzuru mgonjwa kuwa ni haki yake juu yetu, na nyumba hii imemnyima haki hiyo kwa kuona aibu kwa niaba yake. Mgonjwa wa figo angekuwa na wageni hadi mlangoni, na birika la chai lisingepoa.

Wapo watakaotuandikia kwamba yale ni mashetani, si maradhi. Hatukatai yaliyothibiti katika dini yetu, wala hatumzuii mtu kusomewa. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alituelekeza kujitibu, na wanazuoni wetu hawakuiacha nafsi nje ya tiba. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, aliandika kitabu juu ya kuutunza mwili na kuitunza nafsi, akaeleza kwamba mwanadamu ni hivyo viwili, na kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua na hutafutiwa dawa. Aliandika juu ya hofu, huzuni, hasira na wasiwasi usiomwachia mtu nafasi ya kupumua. Hakuyaita aibu ya ukoo.

Hatukumshauri mama atangaze msikitini. Tulimshauri aanze na bibi wa Tanga, kisha imamu wao peke yake, na kabla ya wote hao amwulize kijana mwenyewe anataka nani ajue. Yeye ni mtu mzima, na siri ni yake kuliko ilivyo yao. Binti naye akae na kaka yake siku moja na kitabu kikiwa kimefungwa. Sura ya maradhi ya akili katika kitabu cha mtihani ni orodha ya dalili, na dalili hazina jina la mtu. Huenda akaweza kuisoma akishajua kwamba kaka yake ni mkubwa kuliko orodha ile.

Juzi tumepata jibu fupi. Mwalimu amepatikana, dada mmoja wa jumuiya yao aliyeko mwaka wa pili wa chuo cha tiba, naye atawachukua wasichana watatu kila Jumamosi asubuhi. Baba amekubali kulipa, ingawa bado anaita porojo. Bibi wa Tanga ameambiwa. Alilia, kisha akataka apewe simu azungumze na mjukuu wake, wakazungumza saa nzima. Mama ana swali moja jingine. Somo litafanyika sebuleni, na kijana ameanza kupanda juu mchana kunywa chai. Anatuuliza kama siku za Jumamosi amwombe abaki chumbani hadi wageni waondoke, au amwache akae.

Tumemjibu kwamba amwulize mwenyewe.